Mtego Ambao Mama Msuya Hakuutega

Jamani wa kundi hili, leo sileti picha za harusi wala dawa ya kitunguu saumu. Nimeletewa hadithi na shemeji yangu, naye kaletewa na mtu wa kazini kwao, na nimeisoma mara mbili nikiwa nimeshika shavu. Najua humu kuna watu wakiona maandishi marefu wanaruka mpaka chini wasome funzo, halafu wanatuma kidole gumba. Leo msiruke. Mkiruka hamtaelewa kwa nini nimeshindwa hata kumaliza chai yangu.

Alikuwepo mama mmoja mjini Morogoro, jina lake Nakunda Msuya, mwenye karakana ya kutengeneza bodi za umeme. Nazungumzia zile bodi za kijani mnazoziona mkifungua redio iliyokufa, zimejaa vidude vyenye miguu. Wengi wetu tunadhani zote zinatoka ng'ambo. Yeye alikuwa anazichora mwenyewe kwenye kompyuta, hapo hapo Kihonda, kwa miaka kumi na minane.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kisanduku cha king'ora cha hospitali. Watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao hulazwa kwenye vitanda vya joto. Joto likipungua mtoto anapoa, likizidi mtoto anaungua. Kisanduku cha Mama Msuya kilining'inizwa pembeni ya kitanda, na joto likizidi kilipiga kelele mpaka muuguzi aje. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote.

Mama huyu alikuwa mkali. Hakuwa na matusi, hakuwa na makelele. Ukikosea anakutazama, anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya khanga, anaivaa tena, halafu anasema, "Rudia." Watu wazima wenye familia zao walikuwa wanaenda kulia chooni kwa neno hilo moja.

Sasa basi. Alikuwa na wachoraji wawili, na kazi za karakana zilikuwa zimepungua. Siku moja akawaita, akawaambia bila kuzunguka.

"Nafasi ya mtunza maktaba ni moja. Mmoja wenu ataichukua. Mwingine, mwisho wa mwezi, atafute pengine. Kesho nitawapa mtihani."

Hapa niwaeleze kidogo, maana na mimi ilibidi nielezwe. Kila kifaa kinachokaa kwenye bodi kina miguu, na bodi lazima iwe na matundu yaliyopangwa kama miguu ile ilivyopangwa. Mchoro wa matundu hayo wao wanauita unyayo. Shida iko madukani. Leo unapata kifaa cha aina hii, kesho kimeisha, muuzaji anakupa ndugu yake anayefanya kazi ile ile ila ana umbo lingine. Kwa hiyo kwenye kompyuta kila kifaa kinapangiwa unyayo wake wa kawaida, na pembeni nyayo mbadala, ili fundi asikwame. Zote zinahifadhiwa mahali pamoja, na hapo ndipo wanapopaita maktaba. Anayeitunza ndiye mkubwa wa karakana baada ya mwenye karakana.

Mchoraji wa kwanza alikuwa Lusajo Mwakalinga, kaka mmoja wa Kinyakyusa, mkono mwepesi ajabu. Alikuwa anaweza kuchora huku anapiga soga na wewe na asikosee. Wa pili alikuwa Mwasiti Kibwana, dada mpole, mzito wa kazi. Alikwisha onywa mara mbili kwa uzito huo. Mume wake hakuwa na ajira tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kifungwe, na mshahara wa Mwasiti ndio uliokuwa ukiwalisha wao, watoto na mama mkwe. Akikosa nafasi hii, nyumba nzima imekwama.

Kilichomchelewesha Mwasiti ni kwamba hakuiamini kompyuta. Kila akimaliza kuchora, aliichapa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, akaibandika kwenye kipande cha boksi, akatoboa matundu kwa pini, kisha akachomeka kifaa chenyewe kwa mkono aone kama kinakaa. Lusajo alikuwa hakomi kumtania.

"Dada Mwasiti, hapa ni kazini au chekechea?"

"Wewe cheka tu. Kifaa hakikai kwenye kioo cha kompyuta, kinakaa kwenye tundu."

Asubuhi ya mtihani Mama Msuya akawapa wote wawili bodi ile ile, ya king'ora cha watoto.

"Vifaa vitano humu vinapotea madukani," alisema. "Vipangieni nyayo mbadala. Na ninawaambia kabisa, nimewategea mtego. Mmoja akiuona na mwenzake asiuone, kazi imeishia hapo."

Lusajo alimaliza kabla ya chai ya saa nne. Na mtego aliuona. Kulikuwa na kapasita mbadala ambayo miguu yake inaingia sawasawa, lakini ni ndefu mno, kifuniko cha kisanduku kisingefunga. Mama akatikisa kichwa kukubali. Kwa Mama Msuya hivyo ni vigelegele.

Mwasiti bado anatoboa maboksi. Saa tano. Saa sita. Wenzake wakaenda kula, yeye akabaki. Lusajo alikwisha anza kuangalia ni upande gani atasogeza meza yake.

Saa nane mchana Mwasiti akasimama, amechoka lakini anatabasamu.

"Mama, nimemaliza. Mitego yote miwili nimeiona."

Mama Msuya aliinua uso. "Mingapi?"

"Miwili. Ile kapasita ndefu, na ile transista ya bati."

"Mimi nimetega mmoja."

Mwasiti akacheka kidogo. Alidhani bado anapimwa. Akachukua kipande chake cha boksi, akakiweka mbele ya mama, na pembeni yake ile karatasi ya maelezo inayotoka kiwandani.

"Huu umeuficha vizuri, mama. Umenikalisha saa tatu nzima. Angalia. Kiwanda wameichora transista ikiwa imegeuzwa, miguu inakutazama wewe. Kwenye maktaba yetu imechorwa kana kwamba hiyo ndiyo sura yake ikiwa imesimama. Kwa hiyo mguu wa kulia umekuwa wa kushoto. Ni kama mtu aliyesimama mbele yako, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto."

Akachomeka kile kidude cha bati, chenye miguu yake mitatu, kwenye boksi.

"Unaona, inaingia vizuri kabisa. Hata fundi hawezi kushtuka. Ila ukiiwasha, king'ora hakilii."

Mama Msuya alivua miwani. Safari hii hakuifuta. Akasogea kwenye kompyuta, akaufungua unyayo ule. Chini ya kila unyayo huandikwa jina la aliyechora na jina la aliyekagua. Aliyechora, N. Msuya. Aliyekagua, N. Msuya. Tarehe yake, miaka mitatu na nusu iliyopita.

"Huu si mtego," alisema. "Hili ni kosa langu."

Hapo ndipo nilipoiweka chai chini, jamani. Hebu jiwekeni mahali pa yule dada. Umemwonyesha mwenye kazi kosa lake mwenyewe, mbele ya mtu mnayegombea naye nafasi, tena huku unacheka. Mwasiti alikaa chini bila kuambiwa, akaanza kuomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mama Msuya hakumsikiliza. Alikuwa ameivuta kazi ya Lusajo, anaisoma mstari kwa mstari.

"Lusajo, kwenye kazi yako hukuutumia unyayo huu. Umechora wako mpya. Kwa nini?"

Lusajo alitazama sakafu. "Niliona una kasoro, mama."

"Uliona leo?"

"Mwezi wa tatu."

Na hapo ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Hesabuni wenyewe. Miezi minane mtu na shahada yake amekaa na siri ya king'ora kisicholia.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliandikwa jina lako, mama. Kwanza nikasema labda mimi ndiye sijui. Nilipokuja kuwa na hakika, siku zilikuwa zimepita, nikaona utaniuliza mbona sikusema mapema. Basi nikawa ninaukwepa tu kila nikichora."

Mimi hapa nilitaka kumtukana. Halafu nikakumbuka mkuu wangu wa kazi wa zamani, na mambo niliyokuwa ninayaona nikinyamaza, nikafunga mdomo.

Wakati huo akaingia Mzee Songoro, fundi wa kuchomelea. Ndiye anayeshika vifaa na kuviunga kwenye bodi kwa risasi ya kuyeyushwa, kazi aliyoifanya hapo tangu karakana inafunguliwa. Alikuja kuchukua chupa ya chai. Mama Msuya akamzuia.

"Mzee Songoro, hizi transista za bati huwa unazichomelea vipi?"

"Kwa kupinda, injinia," alijibu mzee, hana hata wasiwasi. "Mchoro wake umekaa kinyume. Ile siku ya kwanza niliichomeka kama ilivyochorwa, haikulia. Nikaibadilisha miguu, ikalia. Kwa hiyo miguu miwili ninaipishanisha, huu unakwenda kule, ule unakuja huku, ninauvika mmoja kimpira cha waya isije ikagusana."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozileta. Miaka mitatu imepita, inakaribia minne."

"Na hukuniambia."

Mzee Songoro alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi ni fundi wa risasi. Nitamwambiaje injinia kwamba hajui kuchora?"

Mama Msuya alishusha pumzi. Unajua, kulikuwa na nafuu ndani ya habari ile. Ikiwa mzee amezipinda zote, basi vyote vilivyoko mahospitalini vinalia, na kilichoharibika ni jina lake tu.

"Kwa hiyo zote ziko salama," alisema.

"Nilizochomelea mimi, zote," alisema mzee.

Kisha uso wake ukabadilika. Chupa ya chai akaiweka mezani polepole.

"Zipi hukuchomelea?" aliuliza mama.

"Nilipokwenda Kigoma kumzika kaka yangu."

Ilikuwa kazi ya visanduku kumi na viwili vya hospitali moja ya wilaya. Mzee Songoro alichomelea kimoja, akapigiwa simu ya msiba, akaondoka. Vilivyobaki vikamaliziwa na fundi wa kuazima kutoka duka la kutengeneza redio. Na pale karakana walikuwa na desturi yao: katika kila kazi, kinachopimwa ni kisanduku cha kwanza. Kikilia, vingine vinafungwa na kupelekwa. Cha kwanza kilikuwa cha Mzee Songoro, kikalia vizuri sana.

Yule fundi wa kuazima aliufuata mchoro kama alivyopewa. Yaani katika watu wote wale, aliyeutii mchoro ndiye aliyeleta balaa. Visanduku kumi na kimoja, bubu, vimening'inia juu ya watoto njiti kwa wiki ya tano.

Mama Msuya alipiga simu ya wodi. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga ya ofisi ya hospitali, akaambiwa asubiri, akasubiri, ikakatika. Akachukua ufunguo wa gari.

"Mzee Songoro, beba pasi yako ya kuchomelea na transista zote. Lusajo, Mwasiti, ingieni ndani ya gari."

Ni mwendo wa saa moja na nusu. Mwasiti alikaa mbele, simu ya mama mkononi, anapiga na kupiga. Haikupokelewa. Mzee Songoro huko nyuma alikuwa anamtaja Mungu kwa sauti ya chini. Lusajo alitazama dirishani muda wote.

Katikati ya njia Mama Msuya akasema, macho yakiwa barabarani, "Mwasiti, nijibu jambo moja. Ulisema kwa sababu ulidhani ni mtego. Ungejua ni kosa langu la kweli, ungesema?"

Ndugu zangu, angalieni swali hilo. Mtihani bado haujatolewa majibu. Nafasi ni moja. Jibu tamu lipo mdomoni, neno moja tu, ndiyo, na nani atambishia? Lusajo alikwisha jifunga mwenyewe. Nyumbani watu watano wanasubiri kusikia kama Mwasiti bado ana kazi. Mimi ningesema ndiyo. Ninakiri mbele yenu, ningesema ndiyo na kiapo juu.

Mwasiti aliishusha simu mapajani, wakapita mteremko mmoja na mwingine.

"Hapana, mama," alisema. "Ningechora mwingine pembeni, nikanyamaza. Kama Lusajo."

"Kwa nini?"

"Ninakuogopa."

Mama Msuya aliongeza mwendo.

Walifika hospitali saa kumi na dakika kidogo. Mkuu wa wodi ya watoto alikuwa muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, anaitwa Sista Veneranda. Mama Msuya hakungoja hata salamu ziishe.

"Sista, visanduku vyetu vya king'ora vina kosa. Kosa ni langu. Joto likizidi havitalia. Nimekuja kuvirekebisha sasa hivi."

Sista Veneranda alimtazama, akawatazama wale wengine watatu waliosimama mlangoni na vifaa vyao, akaenda kufunga mlango.

"Mmejuaje?" aliuliza.

Mama Msuya alishika ukingo wa meza. "Kwani ninyi mnajua?"

"Wiki ya tano sasa. Kila asubuhi tunabonyeza kile kitufe cha kujaribia. Kimoja kinalia, kumi na kimoja kimya."

"Sista, namba yangu ya simu imeandikwa mgongoni mwa kila kisanduku."

"Tumeiona." Sista alishusha sauti, na macho yake yakaenda mlangoni. "Vilikuja vipya kabisa, mama. Tuliogopa kuambiwa tumeviharibu sisi. Hapa kitu kipya kikiharibika, anayetoa taarifa ndiye anayeandikiwa barua. Basi tukapangana."

Akawaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa imejaa majina na saa, robo kwa robo. Kila robo saa, mchana na usiku, muuguzi mmoja alikuwa anapita kitanda hadi kitanda, anaingiza mkono, anamshika mtoto shingoni kupima joto kwa ngozi yake. Wiki tano. Ndiyo maana hata simu hazipokelewi, mikono yote iko vitandani.

Na hapa niwaambie ili mvute pumzi: hakuna mtoto aliyedhurika. Hata mmoja. Mikono ya wale akina mama ilifanya kazi ambayo kisanduku kilinunuliwa kuifanya.

Mzee Songoro alikaa karibu na dirisha la stoo, akachomeka pasi yake, akaanza. Mwasiti alifungua vifuniko, Lusajo alishika taa. Wakavimaliza kimoja kimoja, na safari hii kila kimoja kilijaribiwa. Kilipolia cha kwanza, watoto wa wodi nzima waliamka wakalia. Wauguzi walikuja kusimama mlangoni. Kilipolia cha kumi na moja, Sista Veneranda alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alisema hajalala vizuri tangu vile visanduku vilipoletwa.

Mama Msuya naye alilia. Yule yule mama wa "rudia". Alitoka nje, akakaa kwenye benchi wanakosubiria wagonjwa, na watu wake wakamfuata kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine.

"Miaka yote nilikuwa ninajisifu kwamba nina karakana isiyokosea," alisema alipoweza kusema. "Kumbe nina karakana ya kunificha. Kosa langu limepita kwako Mzee Songoro, likapita kwako Lusajo, likaja mpaka hapa kwa watu ambao hata hawajawahi kuniona. Kila mtu kaliona, kila mtu kalizunguka kama shimo la barabarani. Na mimi nisingejua mpaka mtoto wa mtu afe."

Mzee Songoro alisema, "Utusamehe, injinia."

"Niwasamehe nini? Nani aliwafundisha kunyamaza?"

Mzee Songoro aliinama akaukunja waya wa pasi yake.

Baadaye Lusajo akauliza. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana hata yeye alikuwa na maisha yake. "Mama, na ile nafasi?"

"Ni ya Mwasiti."

"Lakini hata yeye amesema angenyamaza. Tumemsikia sote garini. Tofauti yetu ni nini?"

Sasa hapo na mimi niliona Lusajo ana hoja. Nikajiuliza mama atatokaje.

"Amesema angenyamaza," alisema Mama Msuya. "Kaniambia mimi. Usoni. Siku ya mtihani, huku anajua kazi yake iko mkononi mwangu, na anajua ninataka kusikia nini. Miaka kumi na minane, Lusajo, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ananiogopa. Wewe mwenyewe umenieleza mambo mengi pale karakana, mara jina langu, mara siku zimepita. Yeye kasema neno moja na ndilo lenyewe."

Lusajo aliinamisha kichwa.

"Na wewe una jicho zuri kuliko langu, sitaki usahau hilo," aliendelea. "Kosa lililonipita mimi wewe ulilikamata peke yako, hata boksi hukutoboa. Kwangu jicho hilo litaozea hapo. Nitakuandikia barua nzuri. Nenda ukafanye kazi kwa mtu usiyemwogopa."

Kisha akamgeukia Mwasiti.

"Kesho uanze kukagua nyayo zangu zote. Ni mia tatu na zaidi. Ukikuta ulioharibika, uje unieleze."

Mwasiti alikuwa amepata kazi. Mngetegemea atacheka, atashukuru, atapiga magoti. Alikaa pale benchi ameshika mkoba wake kwa nguvu.

"Mama," alisema, "bado ninakuogopa."

"Najua," alisema Mama Msuya. "Njoo hivyo hivyo unavyoogopa, useme."

Imeishia hapo niliyoletewa. Mimi bado sijatulia. Nimekaa ninahesabu mambo mangapi nimewahi kuyaona yamekaa kinyume, nikayapinda miguu kimyakimya nikaendelea na maisha yangu, na nani alikuwa amelala upande wa pili akitegemea kilio cha king'ora.

Ukiipenda mtumie rafiki. Kisha jaribu kumtumia mkuu wako wa kazi. Kidole kikisita kabla ya kubonyeza, basi umeielewa.

Funzo: Ukiona watu wako hawakuambii umekosea, usishangilie kwamba hukosei, jiulize wanaogopa nini, na nani analipa kwa kimya chao.